Unga wa Zambarau

Lucien aliishi Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, na kusomea kemia Lilongwe, na alihakikisha hakuna asiyejua. Jumapili moja ya Juni alileta kanisani kichupa cha unga wenye chuma, alioutengeneza maabarani. Ukiwa baridi ulikuwa wa zambarau na sumaku haikuuvuta. Alipoufumbata ukawa mweupe, na kichupa kilichoning'inia kwenye uzi kikasogea taratibu kuifuata sumaku. Akaeleza kwamba joto hupanga upya elektroni za chuma, ndiyo maana rangi hubadilika na sumaku hupata cha kuvuta. Watu waliona muujiza tu.

Mchungaji Cishahayo aliona zaidi. Wiki hiyo mtoto wa jirani alikuwa amefariki, na vidole vilimwelekea Goreth kuwa ndiye aliyemroga, mshonaji kutoka Burundi, mjane asiye na wa kumtetea.

"Mwenye roho safi, dawa itakuwa nyeupe," akatangaza. "Ikikatala, ahame hapa."

Baridi ya asubuhi ile ilikuwa ya kukata mifupa. Goreth alikishika kichupa. Zambarau. Akakifumbata kwa mikono yote miwili, midomo ikimtetemeka. Zambarau.

"Mulozi!" mtu akapiga kelele.

Lucien alijua ukweli, lakini mchungaji ndiye aliyemtafutia nafasi ya masomo, na msomi wetu hakuwa na ubavu wa kumbishia mbele za watu. Akamsogelea na kumnong'oneza, waoga ndivyo walivyo.

"Pasta, hapana ulozi. Mikono yake iko baridi tu. Ikipata moto, itageuka."

"Mumesikia?" mchungaji akapaza sauti. "Mulete moto!"

Wanawake waliokuwa wakipika nsima ya wageni wakaleta jiko la makaa. Wakamkamata Goreth viwiko, wakambandika viganja kwenye bati la jiko huku wakiimba ili mayowe yake yasisikike. Kisha wakamfumbatisha kichupa. Unga ukawa mweupe. Vigelegele vikapigwa, na walewale waliomshikilia wakamkumbatia wakilia kwa furaha.

Jioni Lucien alimpelekea dawa ya kupaka. Goreth alikuwa ameketi kando ya cherehani yake, viganja vimejaa malengelenge, vidole havikunjiki tena.

"Mi niliwaambia ni joto, mama," Lucien akasema.

"Ulijua njo joto?" Goreth akamtazama. "Sasa mwanangu, juu ya nini haukuweka ile chupa yenyewe pa moto?"