Miadi ya Watu Wanne

Mwaka huu wanaume wanne wameuawa kati ya Butembo na Beni, mashariki mwa Kongo, na wote walikuwa wanaume wanaopenda wanaume. Kila mmoja alipigiwa simu na mtu mwenye sauti tamu, akaenda kwenye miadi, hakurudi. Mafaili yako kwa polisi yanakula vumbi. "Walikuwa wanatafuta nini kule?" afisa mmoja aliuliza, kana kwamba hilo ndilo swali.

Kavira, mjane anayeuza maharagwe pale mtaa wa Mususa, Butembo, alikuwa na mwana mmoja tu, Kambere, fundi cherehani. Kwamba mwanawe ni wa namna hiyo, alijua tangu zamani. Alinyamaza, na kanisani alimwombea bila kutaja sababu. Basi Jumamosi moja alipomwona anapiga pasi shati lile lile mara ya tatu, akajua anakwenda kwenye miadi. Akajifunga kitenge, akatia mchi kwenye mfuko.

"Mama, unaenda wapi?"

"Kule kwenye unaenda."

"Mais... lakini mama..."

"Hapana mais. Twende."

Wakapanda pikipiki moja, dereva, mwana na mama, mchi ukimchoma Kambere mbavuni njia nzima.

Ilikuwa mchana kweupe. Mgahawani, Jacob wa Beni, kijana aliyempigia Kambere simu, alikuwa ameshafika. Kando yake aliketi mama mmoja mnene aliyekumbatia mkoba kifuani. Kavira hakusalimia, na huko Butembo kutosalimia ni karibu kosa la kufungwa.

"Leta carte d'électeur yako, ile kadi ya kura," alimwambia Jacob. "Niipige picha."

"Na huyu wenu alete yake," yule mama akajibu, simu tayari mkononi. "Mimi Agar, tantine, shangazi yake. Munafikiri ni nyinyi tu munaogopa?"

Wakapiga picha za kadi, mbele na nyuma, kwa makini kama watu wa forodha. Ndipo Kavira akacheka, akacheka mpaka akaketi. Agar hakucheka.

"Ule wa pili kuuawa, Abdias, alikuwa mutoto wangu," alisema. "Siku ile nilimuona anatoka. Nilijua kwenye anaenda. Nilisikia aibu, sikumuuliza hata kitu. Huyu Jacob hapana atatoka tena peke yake."

Kavira alimshika mkono. Muuaji bado hajulikani. Huenda alikuwa anapita barabarani hapo hapo. Lakini kilichomtisha Kavira zaidi ni ile miaka yake mwenyewe ya kunyamaza. Akamgeukia Kambere.

"Mwanangu, huyu unamupenda?"

"Mama! Ndo ninamuona mara ya kwanza!"

"Basi mutazame muzuri," alisema, akivuta kiti chake karibu na cha Agar. "Sisi tuko hapa."