Sinki la Ofisi ya Ushauri

Chuoni kwao walimwita Zege. Alikuwa mwanafunzi wa ufundi bomba, na jina hilo alilipata siku aliporudi kutoka kumzika baba yake, akapitiliza moja kwa moja hadi karakana na kudai zamu yake ya kukata mabomba. Hakulia. Kule msibani baba yake mdogo alimshika bega mbele ya watu akamwambia, "Sasa wewe ndiye mwanamume wa nyumba. Ukilia wewe, mama yako ashike wapi?" Basi Zege akajikaza kisabuni, akawagawia watu chai, akakusanya vikombe, akaviosha.

Usingizi ukamsusa. Darasani alitazama ubao kama mtu anayesubiri basi. Mwishowe akafungua koki kuu kabla ya kukaza maungio, karakana ikajaa maji, mikoba ya wenzake ikaelea. Mwalimu wake, suruali imekunjwa hadi magotini, akamwita kando.

"Nenda kwa mshauri nasaha."

"Mwalimu, mimi sina wazimu."

"Sijasema una wazimu. Nimesema nenda."

Tatizo ni kwamba ofisi ile ilitazamana na kibaraza ambako chuo kizima kilikula mchana. Aliyeonekana akiingia humo alihukumiwa papo hapo: ama ana mimba, ama amerukwa na akili. Mshauri mwenyewe, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, walimwita Mama Tishu, kwa sababu ya boksi la tishu lililokaa mezani pake bila kupungua. Kwa kukosa wateja alikuwa akifuma sweta. Sweta lilikuwa limefika mbali.

Zege akabeba sanduku la vifaa, akapita kibarazani akitangaza bila kuulizwa, "Nakwenda kutazama sinki."

Ndani akaamkia. "Shikamoo, mama. Nimekuja kutengeneza sinki."

"Marahaba, mwanangu. Sinki ni zima."

"Nitalitazama hivyo hivyo."

Akajilaza chali chini ya sinki, akaanza kulegeza nati isiyo na kosa lolote. Mama Tishu akaendelea kufuma. Uzuri wa chini ya sinki ni kwamba uso wa mtu hauonekani. Baada ya kitambo Zege akasikia sauti yake mwenyewe ikisema kwamba baba yake ndiye aliyemfundisha kushika spana, na kwamba tangu azikwe hakuna anayemtaja nyumbani, kana kwamba alihama bila kuaga.

"Na wewe humtaji?"

"Nikimtaja nitalia."

"Halafu?"

Zege akaweka spana kifuani. Akalia pale pale, chali, machozi yakimwingia masikioni. Mama Tishu akalishusha boksi sakafuni, akalisukuma kwa mguu mpaka likamfikia.

Wiki iliyofuata sinki likaharibika tena. Na iliyofuata pia. Rafiki yake wa darasa la umeme, waliyemwita Waya, akashindwa kuvumilia.

"Sinki gani hilo, kaka, lisilopona?"

"Lina matatizo ya ndani."

Waya akaendelea kutafuna. Kesho yake alionekana akipita na ngazi, eti taa ya mshauri inazimikazimika. Alikaa humo hadi chakula chake kikapoa. Kisha mlango ukahitaji seremala, na mapazia yakahitaji mshonaji. Mkuu wa chuo, mtu mwenye huruma sana na majengo, akaona ofisi ile imechakaa, akaleta mkandarasi akaikarabati yote. Akaamuru mwanafunzi yeyote asiguse kitu.

Siku yake ilipofika, Zege akasimama kibarazani mikono mitupu.

"Leo unatengeneza nini?" Waya akauliza.

"Sitengenezi. Nakwenda kuongea."

Wenzake mezani wakageuka kumtazama. Mtu mmoja akaomba chumvi.

"Basi usikae sana," Waya akasema. "Baada yako ni mimi."

Mwisho wa juma Zege akaenda nyumbani. Alimkuta mama yake akikunja nguo.

"Mama, namkumbuka baba."

Mama akaweka shati chini. "Mimi namlilia bafuni, mwanangu, nisije nikakuvunja."

Baba mdogo, aliyekuwa amekuja kuwajulia hali, akafungua mdomo awanyamazishe. Badala yake akavuta kiti, akauliza kama wanakumbuka siku kaka yake alipokwama ndani ya tangi la maji la jirani. Walikumbuka. Mama akaanza kusimulia, akakosea, Zege akamsahihisha.