Sekunde Tisa

Mkalimani hakuwa mtu wa kuwadhania watu vibaya. Ndivyo alivyojiambia mwenyewe, na wenye tabia hiyo wote hujiambia hivyohivyo. Kazi yake aliifanyia nyumbani, katika chumba kidogo kilichowahi kuwa stoo. Daktari huwa upande mmoja wa skrini, mgonjwa asiyejua lugha ya daktari upande wa pili, naye katikati anavusha maneno. Ni kazi isiyotaka mzaha. Ukisema "vidonge viwili" halafu laini ikakata kabla hujasema "kwa siku", umemwacha mtu na chupa nzima mkononi.

Na laini ilikuwa ikikata. Sekunde tisa tu: picha inaganda, sauti inazama, kisha kila kitu kinarudi kana kwamba hakuna lililotokea. Jumatatu ilimkatia katikati ya habari za figo. Msimamizi akamwandikia kwa adabu ya kutisha kwamba laini ikikata mara tatu ndani ya wiki moja, jina linatoka kwenye orodha. Kwa lugha ya nyumbani, unga umemwagika.

Akapima kasi ya intaneti. Akapima asubuhi kabla ya kazi na mchana baada ya kazi, mlango wazi, simu mkononi, chai pembeni, na namba ikawa ileile: hamsini, mara nyingine hamsini na mbili. Kasi aliyoahidiwa ndiyo aliyopewa. Basi kama kasi ipo na laini inakata, akawaza, kuna mtu anayeivuta. Na mke wake akishakwenda shuleni kufundisha, nyumba hubaki na watu wawili: yeye na mama mkwe.

Mama mkwe alikuwa na wiki ya tano pale. Baada ya kufiwa na mumewe, binti yake alimsihi aje akae nao moja kwa moja, naye akaja na begi moja na simu kubwa aliyonunuliwa na watoto. Kila siku saa nne asubuhi alikaa sebuleni, kando ya kile kisanduku cha intaneti chenye taa za kijani, akampigia dada yake kwa video. Wazee wale wawili waliweza kuzungumzia goti moja kwa nusu saa. Na saa nne ndiyo saa ya mkalimani kuanza kazi.

Akafungua daftari. Akaandika: "Jumatatu, saa nne na dakika kumi na mbili, imekata. Mama anacheka sebuleni." Jumanne haikukata, na hilo nalo akaliandika: "Leo Mama kaongea kidogo." Ukishaanza kumwandika mtu daftarini, hata akikohoa utaona ana lake jambo.

Jumanne hiyo hiyo alipotoka kunywa maji, mama mkwe akamwita.

"Baba, huo mlango wako haufungi vizuri. Nakusikia unausukuma mpaka unalia. Si uuache wazi kidogo tu?"

"Nazungumza siri za wagonjwa, Mama. Masharti ya kazi ni mlango ufungwe."

"Haya. Mimi nimesema tu."

Alirudi chumbani akiwa na jibu la swali ambalo hakuwa amejiuliza. Anataka kusikia, akajiambia. Akausukuma mlango kwa bega mpaka kitasa kikaitika, na jioni akabadilisha namba ya siri ya intaneti bila kumwambia Mama.

Jumatano asubuhi mama mkwe alimfuata na simu mkononi. "Baba, leo dada simpati kabisa."

"Mtandao unasumbua, Mama."

Alimdanganya kavukavu, huku akimtazama usoni. Mama akakaa na simu yake mapajani, na yeye akaingia kazini kifua mbele. Dakika ya ishirini, mama mjamzito akiuliza kama damu ile ni ya kawaida, upepo wa dirishani ukautikisa mlango, picha ikaganda. Laini iliporudi baada ya sekunde tisa, yule mwanamke alikuwa analia. Hiyo ikawa mara ya pili.

Jioni, mezani, uzalendo ukamshinda. "Mama, naomba niione simu yako."

Mke wake akaweka kijiko chini. "Unamwambia nani maneno hayo?"

Mama mkwe akasogeza sahani. Aliitoa simu na kumpa kwa mikono miwili, kama anayempa mkubwa wake. Mkalimani akaikagua. Haikuwa imeunganishwa na chochote tangu Jumanne jioni. Mtu mwingine angeishia hapo, akaona haya.

"Mtu anaweza kupewa namba ya siri, akatumia, kisha akafuta," alisema, akimtupia mke wake jicho.

"Mwanangu," mama mkwe akasema polepole, "mimi hata picha sijui kufuta."

Kesho yake kabla ya jua kali begi lilikuwa mlangoni. "Nimekaa vya kutosha, baba. Naenda kwa dada." Mke wake alimsindikiza, akapitiliza kazini. Alichomwachia mumewe ni neno moja tu: asimpigie yeye simu mpaka Mama atakaporudi kwenye kiti chake cha sebuleni.

Nyumba ikabaki kimya. Mkalimani aliona aibu, lakini chini ya aibu kulikuwa na kautulivu ka mtu anayengoja kuonekana alikuwa sahihi. Akafunga mlango kwa bega, akaanza kazi. Dakika ya kumi na nne, picha ikaganda.

Akashika kalamu. Saa aliiandika. Mbele ya "sebuleni" hakuwa na jina la kuweka. Na kwa kuwa kichwa kikishazoea njia huifuata chenyewe, alikaa kitambo akiwawazia majirani.

Hiyo ilikuwa mara ya tatu, lakini kabla ya kulitoa jina msimamizi alimpa mpaka Jumatatu alete taarifa ya fundi. Fundi alikuja Ijumaa, mwanamke wa makamo mwenye begi la zana na mazungumzo machache. Mkalimani akamwonyesha namba zake za kasi, zote amezipanga kwa tarehe.

"Kasi yako nzuri," fundi alisema. "Lakini kasi ni upana wa bomba tu. Haikwambii kama kuna mtu anafunga na kufungua koki. Filamu ingekuficha, maana huwa imeshajiwekea akiba mbele. Mazungumzo hayana akiba. Sekunde moja ikipotea, unaiona."

Akaingia kwenye kumbukumbu za kile kisanduku, akasoma kwa kidole. "Laini ya nje haijakata mwezi mzima. Simu za humu ndani hazina tatizo. Kinachokatika ni kifaa kimoja, hiki chenye waya. Waya unapita wapi?"

Waya ulitoka sebuleni, ukafuata ukuta, ukaingia chumbani kwa kupita kwenye fremu ya mlango, upande wa kitasa. Fundi alifunga mlango. Ukagoma. Akausukuma kwa bega, ukalia, kitasa kikaitika, na taa moja ya kijani ikaanza kupepesa.

"Nani aliupitisha hapa?"

"Mimi. Niliambiwa waya ni imara kuliko hewani. Ukuta sikutaka kuutoboa."

"Ni imara kweli, usipoutafuna na mlango. Hukusikia unagoma?"

Mkalimani akainama kuutazama waya. Alikuwa amesikia, tena aliambiwa.

Fundi akabadilisha waya, akaupitisha juu ya fremu, akaandika taarifa na kuondoka. Mlango sasa ulifunga kwa kidole. Mkalimani akaketi, akaufunga, akampigia mama mkwe kwa video. Alijipanga: ataeleza, ataomba radhi, na mahali pagumu ataharakisha.

Uso wa Mama ukatokea, safi, kila kunyanzi mahali pake.

"Mama, nimekukosea. Mlango ulikuwa unaubana waya. Ni mimi niliyekuwa naikata laini."

"Nilikwambia mlango haufungi."

"Uliniambia."

"Wewe ulidhani nataka nini, baba?"

Yeye aliyekuwa akivusha maneno ya watu kutwa nzima hakuwa na neno la kuvusha. Akaitazama skrini akiomba igande. Akahesabu moyoni mpaka tisa. Mama alikuwa bado yuko pale, anapepesa macho, anangoja.

"Mbona kimya?" akauliza Mama. "Mimi nakuona vizuri sana."