Jiko la Nyumba ya Kiwanda

Wajukuu wakimwuliza bibi yao ujanani aliishi wapi, hataji mji wala mtaa. Anataja jiko. Jiko lenye dirisha la kuingiza jua la asubuhi, bomba la maji ndani (ndani, jamani, si uani kwenye foleni na matusi), na sakafu nyekundu aliyoipiga nta mpaka wageni wakavua viatu bila kuambiwa. Nyumba yenyewe ilikuwa mali ya kiwanda cha mbao. Mumewe alikuwa msimamizi wa misumeno. Kazi ikiondoka, na nyumba inaondoka.

Anamkumbuka mumewe akirudi jioni, king'ora kikishalia, vumbi la mbao limemjaa mpaka kwenye nyusi. Alikuwa akimpangusa kwa brashi pale mlangoni, naye mume anaimba pambio kwa sauti ya chura. Kazini walimwita Mlokole. Walimtania kwamba hata nyundo ikimpiga kidole, alisema "Bwana asifiwe" huku meno ameyauma. Siku zile zilikuwa tamu, na yeye wala hakujua kuwa ni tamu.

Kisha meneja akaagiza kinga ya msumeno wa pili ifunguliwe, eti inachelewesha kazi. Mlokole alipinga, akaambiwa asimamie misumeno, asisimamie wakubwa. Haikupita wiki, fundi wa msumeno ule akakatwa vidole vinne. Serikali ikasema mkaguzi atakuja Jumatatu kusikiliza mashahidi kwa kiapo.

Jumapili, wametoka ibadani hata viatu hawajavua, meneja akabisha hodi. Alikaa kwenye kiti kizuri, akaisifu sakafu.

"Mama, nyumba hii unaitunza kama yai," alisema. Kisha akamgeukia mume. "Kesho sema kinga aliifungua fundi mwenyewe. Basi. Ukisema vingine, wanaoitaka nyumba hii ni wengi."

Akaaga kwa adabu, akaenda zake.

Kaka wa mke, aliyekuwa akiishi pale kwa siku mbili zilizogeuka miaka miwili, ndiye wa kwanza kufungua mdomo. "Shemeji, Mungu ana mambo makubwa ya kushughulikia. Hili atalipita tu." Mzee wa kanisa naye alipitia alasiri, akasema hata watu wa Mungu wa zamani kuna mahali walificha kidogo ili wapone. Ushauri siku hiyo ulikuwa wa bure, na kila mtu alikuwa nao.

Mke alingoja wageni waishe. Alikuwa mjamzito wa mtoto wa tatu, na alilipenda lile jiko kama mtu anavyopenda ndugu.

"Baba watoto, sikwambii udanganye," alisema. "Sema tu hukuona."

Mume hakuwa amegusa chakula. "Unajua tunavyobadilisha meno ya msumeno? Nazima, nagusa kwa mkono wangu, halafu naita: Umelala! Watu wanaingiza mikono. Hakuna anayechungulia kwanza. Wanaingiza kwa sababu mimi ndiye nimeita."

"Hayo ni ya kazini. Mimi nakuuliza ya nyumbani."

"Ni yale yale. Kesho nitaapa kwa jina la Mungu. Hilo jina nimelihubiri kwa watu wote wa pale, wamenicheka nalo, nimelishika. Nikilitumia kumdhulumu mtu aliyekatwa vidole, siku mtoto wangu akiugua nitaliitaje?" Akaisukuma sahani kando. "Naogopa, mama watoto. Usidhani siogopi."

Mke aliingia jikoni akaosha masufuria ambayo yalikuwa safi, akiyagonganisha kwa makusudi. Alimkasirikia mumewe, alimkasirikia meneja, na Mungu pia alimkasirikia kidogo, maana Yeye ndiye aliyemfanya mumewe awe hivyo.

Asubuhi alipasha pasi akanyoosha shati jeupe, kola mara mbili. Machozi yalidondokea mkono wa shati, akapitisha pasi hapo hapo.

"Vaa," alisema. "Kama ni kufukuzwa, ufukuzwe ukiwa umenyooka."

Mlokole akaenda, akasema alichokiona. Fundi akapata haki yake. Mwezi haukuisha, nao wakafungasha. Siku ya kuhama mke alipiga nta sakafu yote, kwa hasira, ili atakayeingia ajue alikuwa anaishi mtu. Wakahamia vyumba viwili nyuma ya mashine ya kusaga, bomba uani, foleni na matusi kama kawaida. Mume akawa anatengeneza viti vya watu. Yule kaka naye akakumbuka ghafla kwamba ana ndugu wengine. Mtoto wa tatu alizaliwa hapo, katikati ya kelele za mashine, na nyumba nyingine yenye bomba la ndani hawakuipata tena.

Juzi, siku ya tatu baada ya mazishi ya Mlokole, binti mkubwa alimkuta mama yake ameketi peke yake, akamwuliza kile ambacho watoto wote walikuwa wakijiuliza tangu utotoni.

"Mama, hukujuta? Ile nyumba?"

"Ile nyumba nimeililia miaka, mwanangu. Nilikuwa nalia nikiwa kwenye foleni ya maji, nasingizia moshi," alisema bibi. "Lakini baba yenu hakuwahi kuniliza mpaka siku alipokufa."