Miguu Saba ya Bi Mwaisha

Kuna watu wakishika ufagio, wewe kimbia. Hafidha ni mmoja wao, na nasema hivi huku nampenda.

Kazini anatunza mafaili katika ofisi moja pale Morogoro mjini. Nyumbani kwake Bigwa, Jumamosi na Jumapili, anashona ngozi kwa kujifurahisha tu. Chumba anachoshonea, jamani, ungeweza kula wali sakafuni. Kisu kimetundikwa ubaoni, na nyuma yake pamechorwa umbo la kisu, ili kikiondoka pengo lionekane. Nyundo hivyo hivyo. Msharasi wa kutobolea ngozi hivyo hivyo. Vipimo vya miguu ya watu wa nyumbani vinakaa kwenye faili la buluu. Mguu wa mama yake, Bi Mwaisha, aliuchora mara moja miaka sita iliyopita, akaukata kwa mkasi, akaupeleka stationari ukapigwa laminesheni. Kwa kipimo hicho alimshonea mama jozi tatu za makubazi, mshono umenyooka kama mstari wa daftari.

Ng'ambo ya michongoma anakaa Skola. Jina lake la ubatizo ni Scholastika, mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa Mgeta kule milimani. Yeye na Hafidha walijifunza ngozi pamoja, wiki mbili, benchi moja. Skola anashonea barazani kwa nyuma. Mezani kwake utakuta ngozi, maganda ya karanga, madaftari ya wanafunzi, kikombe cha juzi, na kuku akijisikia anapanda juu anataga. Akitafuta gundi, anainua sufuria. Na gundi ipo hapo! Hilo ndilo lililokuwa likimtia Hafidha wazimu.

Siku moja kwenye kundi lao la WhatsApp la wapenzi wa ngozi, mtu akasema kila mmoja atume picha ya meza yake. Hafidha aliifuta meza mara mbili ndipo akapiga. Wakamsifu: "Dada, hiyo meza au duka la dawa?" Akacheka peke yake kwa raha. Kisha Skola naye akatuma ya kwake, kuku yumo. Watu wakafa kwa kicheko. Halafu mmoja akauliza, "Hayo makubazi yaliyo chini ya sahani ni ya nani? Mbona mazuri hivyo?" Basi. Ujumbe arobaini na moja, wote wanataka kuona makubazi ya chini ya sahani. Duka la dawa likasahaulika hapo hapo.

Wivu ukamkaa Hafidha kooni kama mwiba wa samaki. Lakini huo ulikuwa mdogo. Mkubwa uliletwa na mama yake mwenyewe, wanakaa nyumba moja, wanakula sahani moja.

Ilikuwa baada ya Idi, masika yamekolea, Bigwa yote tope. Hashimu, mtoto wa kaka yake Hafidha, alikuwa anaoa Gairo Jumapili ya pili yake. Bi Mwaisha, miaka sabini na minane, alikuwa amekwishasema kwamba harusi ya mjukuu wake hatakaa kwenye kiti kama mzigo, atacheza.

"Utavaa makubazi yapi, mama?" Hafidha akauliza, jibu akiwa nalo tayari.

"Ananishonea Skola," mama akasema, anachambua mchele.

"Skola?"

"Eeh. Yako mazuri mno, mwanangu. Nayatunza."

Hafidha aliingia chumbani kwake akapanga upya nyuzi ambazo zilikuwa zimepangwa. Roho ilimuuma. Alitaka kitu kimoja tu duniani: mama yake aingie harusini na kazi ya mikono ya binti yake miguuni, watu waulize, mama ataje jina. Jina la nani? La kwake! Si la mwanamke anayeweka gundi chini ya sufuria.

Wiki ile ile Skola akapata msiba, mjomba wake kafariki huko Mgeta. Akaja asubuhi na kanga mbili na ufunguo mkononi.

"Shoga, nisaidie kuku wangu. Pumba ziko kwenye ndoo. Jumatano nimeshuka."

"Pole sana, shoga. Nenda, usiwe na wasiwasi."

Kuku wakapewa pumba Jumamosi. Jumapili wakapewa pumba. Jumatatu Hafidha akaja na ufagio, ndoo ya maji na sabuni ya unga. Alijiambia anamsaidia mfiwa, arudi akute pasafi. Ukimuuliza hadi leo, ataanza kwa maneno hayo hayo. Wee Hafidha!

Alifagia. Alisugua meza mpaka mbao zikaonekana rangi. Visu akavipanga, vipande vya ngozi akavikunja, nyuzi akazitia kwenye makopo, makopo akayapandisha rafu ya juu. Ndipo chini ya dirisha akakuta maboksi yaliyokatwa, yamerundikana. Akainua la kwanza. Mguu. Umechorwa kwa kalamu ya mwalimu, nyekundu. Kidole gumba kimepinda, kimekilalia cha pili. Mguu ule angeutambua gizani.

Pembeni pameandikwa kwa mwandiko wa kukimbia: *asubuhi*. La pili: *jioni, umevimba*. La tatu: *baada ya mvua*. La nne: *hapa panauma, usiguse*. Jumla miguu saba, yote ya Bi Mwaisha.

Mara saba! Mama alikuwa akimuaga anakwenda kuota jua, kumbe anakwenda kuchorwa miguu kwa watu. Nyongo ikampanda Hafidha. Angeweza kuyaacha pale yalipo. Hakuyaacha. Aliyabeba pamoja na takataka za banda la kuku, akayamwagia mafuta ya taa nyuma ya choo, akasimama akiangalia mpaka yakaisha.

Skola aliposhuka Jumatano alishika kichwa. "Mungu wangu! Hapa kwangu au nimepotea?" Akacheka, akamkumbatia, akashukuru. Kesho yake akapita kwenye michongoma, uso umebadilika.

"Shoga, hukuona maboksi chini ya dirisha? Vipimo vya mama."

"Maboksi?" Hafidha akasema. "Sikuyaona."

"Basi nimeyapoteza mwenyewe, na mafujo yangu haya. Nitamwambia nini mama wa watu? Jumapili hiyo hapo."

Hafidha akampa pole, akaingia ndani. Ukweli usemwe: alifurahi. Usiku ule alilala usingizi wa mtoto.

Ijumaa alfajiri akatoa jozi iliyo nzuri kuliko zote, akaifuta, akampelekea mama kibarazani.

"Shikamoo mama. Skola kapoteza vipimo, hatawahi. Vaa haya."

"Marahaba." Bi Mwaisha akayatazama, akayachukua. Aliusukuma mguu, akausukuma tena, akasimama, akashika nguzo, akatembea mpaka kwenye karo na kurudi. Alikuwa anatabasamu. Hafidha naye akatabasamu, mpaka macho yalipoteremka chini. Kidole gumba kilikuwa kimebanwa na mkanda, ngozi yake imechubuka, na damu inaingia kwenye ule mshono ulionyooka.

"Mama! Vua!"

"Yananitosha."

"Yanakutosha nini na damu inatoka? Siku zote yanakubana? Mbona hukuniambia?"

Bi Mwaisha akakaa. Akavua polepole, akayapanga makubazi pamoja, visigino sawa, kama anavyopenda binti yake.

"Nilikuja kukwambia," akasema. "Masika ya mwaka juzi. Nilifika mlangoni pa chumba chako cha ngozi, nikataka uniangalie mguu umebadilika. Ukasema, ngoja kwanza mama, miguu ina tope. Nikarudi. Kwa Skola hata ukikanyaga hujui umekanyaga nini. Nilikaa, nikaweka mguu juu ya boksi."

"Nilisema ngoja tu, mama."

"Nimengoja," mama akasema, bila hasira.

Hafidha akamshika mama mkono, akamwongoza, miguu na tope lake, mpaka ndani ya kile chumba. Nyayo zikabaki sakafuni moja baada ya nyingine. Akatandika karatasi nyeupe, akapiga magoti, akauchora mguu wa kulia, kisha wa kushoto. Kwa mara ya kwanza aligusa kile kifundo cha kidole gumba kilichotokeza, akasikia kilivyo cha moto. Akaandika pembeni: *asubuhi, hapa panauma*. Machozi yalimdondoka akayapangusa na kiwiko.

Bi Mwaisha akaiinamia karatasi. "Umechora vizuri," akasema. "Haya, mpelekee Skola. Akianza sasa hivi atawahi."

Hafidha alipita kwenye michongoma na karatasi mkononi, hatua nzito kama anapelekwa polisi. Skola alikuwa barazani, kazungukwa na ule usafi, anafungua kopo hili na lile.

"Maboksi niliyachoma mimi," Hafidha akasema.

Skola hakugeuka. "Najua. Majivu niliyaona jana jioni, boksi moja halikuungua lote. Nilikuwa nangoja tu kama utasema." Akanyoosha mkono. "Lete hicho kipimo. Na msharasi wangu uliuweka wapi? Tangu Jumatano sioni kitu humu!"

Hata kwa kusamehe Skola alimshinda! Hafidha alitamani atukanwe, wakae sawa, akakosa hata hilo. Alipanda kigoda akateremsha msharasi kutoka rafu ya juu. Akateremsha nyuzi. Akateremsha gundi. Mpaka magharibi walikuwa pale, Skola anashona, Hafidha anampa kila anachoomba, maana yeye pekee ndiye aliyejua vilipo. Mshono wa Skola ulikwenda kombo sehemu mbili. Hafidha aliona, akaumeza ulimi.

Gairo, Jumapili, ngoma ilipokolea, Bi Mwaisha aliinuka kutoka kwenye kiti. Wanawake wakampisha katikati, wakipiga vigelegele. Alicheza wimbo wa kwanza, akacheza wa pili, akaunga na wa tatu.

"Bibi, makubazi hayo kakushonea nani?" mmoja akapaza sauti.

Hafidha alikuwa karibu, ameshika mkoba wa mama. Alisogea mbele kidogo.

"Skola!" Bi Mwaisha akajibu, akiinua mguu watu wauone. "Fundi wangu wa Bigwa!"

Roho ikamuuma Hafidha palepale pa siku zote. Akainama kutazama kile kidole. Kilikuwa kikavu, kimelala pale kinapotaka kulala, na mama yake alikuwa hajachoka.