Mtani Huzika

Desemba ya 1996, Watanzania wa Scarborough, Kanada, walikusanyika kwenye ukumbi wa chini wa kanisa kusherehekea Uhuru. Pilau ililiwa, hotuba zikasomwa, kisha mwenyekiti Methodius, Mhehe asiyeishiwa maneno, akatangaza mchezo wa watoto juu ya Vita vya Maji Maji. Mganga akanyunyiza maji kwa chupa ya plastiki, askari wa Mjerumani wakafyatua vidole, wapiganaji wakaanguka kama magunia.

"Mnawaona Wangoni?" Methodius akadakia kwenye maikrofoni. "Mzungu kaja na bunduki, wao wanaoga!"

Watu wakavunjika mbavu.

Domina, Mngoni wa Peramiho, hakucheka. Damu ilimchemka. Babu yake mzaa baba alinyongwa Songea katika vita hivyo, akatupwa shimoni pamoja na wenzake. Lakini angefanyaje? Mngoni na Mhehe ni watani, na mtani hakasirikiwi. Akinuna, wataanza kusema baridi ya Kanada imemgandisha roho. Basi akauma meno, mpaka binti yake Jolie, mmoja wa walioanguka, alipomjia mbio akicheka.

"Mama, so walikuwa stupid? Waliamini maji tu?"

Loo! Mtoto wake wa kumzaa anarudi nyumbani na babu mpumbavu, tena kapewa ukumbini, mbele ya Watanzania wenyewe! Domina akainuka, akaenda mbele na kumpokonya Methodius maikrofoni.

"Mtani, maiti wangu umemcheka. Sawa, ni haki yako. Ila kwetu mtani akishacheka msibani, hushika jembe akachimba kaburi. Babu yangu alinyongwa, hakuzikwa na mtani. Haya, mzike."

Wachache walicheka, wakaacha. Methodius hakuwa na pa kukimbilia, maana mtani anayetania akakwepa jembe hana uso tena mbele za watu.

"Nimzikeje, dada yangu?"

"Waambie watoto hawa kilichomuua. Si maji."

Methodius alikohoa. Kisha akaanza, na sauti ya mzaha haikuwamo. Alisema gavana wa Kijerumani alikaa Dar es Salaam akitaka fedha. Huko Umatumbini, vita vilikoanzia, watu walilimishwa pamba yake kwa viboko, huku mashamba yao ya chakula yakimezwa na magugu. Kila nyumba ikadaiwa kodi, na asiyekuwa nayo akapelekwa shokoa, kazi ya bure ya kulazimishwa. Vita vilipopamba moto, askari walichoma maghala, njaa ikawamaliza waliosazwa na risasi. Watu walikuwa wamechoka kabla hawajaonja maji ya mganga yeyote.

Kumbe alijua! Domina alimtazama akitamani kumzaba kibao. Alijua yote, na kwa watoto akachagua kuleta chupa ya maji.

Jolie akanyoosha mkono, kama darasani. "Uncle, na yule governor? Yeye nani alimnyonga?"

"Hakuna, mwanangu. Alirudi kwao."

"Hakuna? Nobody?"

"Hakuna."

"But that's not fair!" Jolie akafoka, machozi yakimlenga. Alimgeukia mama yake kana kwamba mama ndiye aliyemwachia gavana aende zake. "Mama, mbona mlinyamaza?"

Domina alikuwa bado ameshika maikrofoni, na ukumbi mzima ulikuwa ukimsubiri ajibu.