Gari Lisiloweza Kubeba Jeneza

Watu wengine wakienda kununua gari huuliza linaweza nini. Kai Mwarandu wa Mikindani alitaka kujua haliwezi nini.

Alikuwa na sababu. Kwa miaka mingi Kai aliendesha Probox ya rangi ya majivu ambayo kadi yake ilikuwa na jina lake, lakini funguo zilikuwa za ukoo mzima. Mtu akifariki popote kati ya Jomvu na Bamba, simu ya Kai ililia kabla ya ya mchungaji. Viti vya nyuma vililazwa, jeneza likaingia, wafiwa wawili watatu wakajibanza pembeni, na mbuzi wa matanga akapata mahali pake miguuni. Na maziko huwa Jumamosi. Ilifika mahali gari lile likiegeshwa mbele ya nyumba ya mtu, majirani wanaanza kuchanga. Siku moja Kai alisimama kwa rafiki yake Changamwe kuchukua chaja ya simu, akatoka ndani akakuta akina mama watatu wameshatandika mikeka uani, mmoja ameshaanza kulia, anauliza aliyekufa ni nani.

Bintiye Mapenzi naye aliulizwa shuleni babake hufanya kazi gani. Kai ni karani katika yadi ya makontena, kazi safi, yenye kiti na feni. Mtoto akajibu kwamba baba anazika watu.

Hapo ndipo mkewe, Vivian, alipoweka neno. Yeye hufundisha chekechea Jumatatu hadi Ijumaa, Kai hutoka kazini usiku usiku, na Jumapili wote wako kanisani mpaka alasiri. Iliyobaki ni Jumamosi. Vivian alikuwa akikunja nguo zilizokauka, wala hakupaza sauti.

"Baba Mapenzi, Probox iuze. Ukinunua jipya sawa, ukinunua mtumba sawa. Lakini Jumamosi ya kwanza gari hilo likienda Bamba na maiti, mimi na watoto Jumamosi zetu tutazitafuta kwa mama, Likoni. Na tukishazoea huko, usiniulize tunarudi lini."

Kai alimjua mkewe. Mtu anayegomba akikunja nguo unaweza kumbembeleza. Anayeongea polepole akikunja nguo, huyo ameshaamua. Probox ikauzwa kwa mtu wa mikate, ambaye hakuambiwa historia yake. Mikate ni chakula cha watu, haifai kuitia wasiwasi.

Basi likaanza zoezi la kuchagua. Kazini kwake kila mtu alikuwa mtaalamu. Walikubaliana jambo moja tu, kwamba atafute haibridi, lile gari la petroli na betri, la milango minne na buti kisogoni, la ukubwa wa kati, linaloramba mafuta kwa ncha ya ulimi. Baada ya hapo wakagawanyika kama wapiga kura. Kuna waliosema jipya, kwa sababu betri ya mtumba ni kama bwana wa mtumba, hujui alimtesa nani kabla yako. Kuna waliosema mtumba, kwa sababu gari jipya likishatoka dukani na kuvuka tuta la kwanza, nalo ni mtumba. Mmoja, ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli, alimshauri angoje magari yashuke bei. Alikuwa akingoja tangu ujana wake.

Kai na Vivian walianzia kwenye jipya. Dukani kulikuwa na baridi ya kugandishia samaki, na kijana wa tai aliyewaita mheshimiwa na madam. Aliwaeleza kwa fahari kwamba katika matoleo haya ya sasa betri imehamishiwa chini ya kiti cha nyuma, hivyo migongo ya viti inalala chali mpaka buti na ndani vinakuwa ukumbi mmoja.

"Unabeba hata ngazi," alisema.

Kai na mkewe walitazamana. Vivian akauliza ngazi ya urefu gani. Yule kijana akanyoosha mikono yote miwili, akaona haitoshi, akarudi nyuma hatua. Walimshukuru wakaondoka, kahawa waliyoletewa bado inafuka moshi. Kijana wa watu mpaka leo anadhani kilichowakimbiza ni bei.

Iliyobaki ni yadi ya Mohdhar, kule Changamwe kando ya barabara ya Nairobi, ambako magari yaliyotoka Japani hupangwa yakimeremeta mpaka mtu akasahau kwamba yana umri. Na hapo ndipo habari ilipomfikia Baba Kiponda.

Baba Kiponda ni mdogo wake marehemu babake Kai, mzee wa Kiembeni, mrefu, mpole, mwenyekiti wa kamati ya matanga ya ukoo tangu wakati majeneza yalikuwa yakifungwa juu ya malori. Hakuna aliyemchagua. Alishika kazi hiyo kwa sababu hakuna mwingine aliyeweza kulia na kukusanya michango kwa wakati mmoja. Alipiga simu kusema kwamba gari la ukoo halichaguliwi na mtu mmoja, na kwamba angefika yadini mapema. Kai alifungua mdomo aseme kitu. Kilichotoka ni "Shikamoo, Baba." Mzee akaitikia marahaba, akakata simu, jambo likawa limekwisha.

Wakamkuta yadini ameshafika, viatu vimepigwa rangi, anazunguka haibridi moja ya rangi ya fedha, toleo la karibuni. Mohdhar, mtu wa kanzu na maneno matamu, alikuwa akimsifia injini. Baba Kiponda hakuwa na haja na injini. Aliomba viti vya nyuma vilazwe. Vilipolala, alivua viatu, akaviweka pamoja kwa adabu, akajiingiza kwa upande wa buti, akalala chali na kukunja mikono kifuani. Akafumba macho.

Mohdhar alimtazama Kai. "Ndugu yangu, huyu mzee hajambo?"

"Anapima," Kai akamjibu.

Sauti ya Baba Kiponda ikatoka ndani, ya mtu aliyeridhika. Alisema miguu inapita, mabega yanapita, na yeye ndiye mrefu kuliko wote waliobaki, kwa hiyo hakuna atakayekwama. Akawataja wachache wenye afya mbovu ambao aliwafikiria hasa. Wateja wengine wawili yadini waliacha walichokuwa wakitazama, wakasogea.

Vivian aliwaacha hapo. Alihama tu, akaenda kusimama kando ya gari jeupe mwisho wa mstari, haibridi ya miaka ya nyuma, mwili huohuo mpana, safi, lakini toleo la zamani. Mohdhar akamfuata kwa kusitasita. Akawaambia kwamba ni gari zuri wallahi, lilikuwa la daktari huko Japani, ila lina kasoro moja na yeye hapendi kumficha mteja: betri yake imesimamishwa nyuma ya kiti kama ukuta. Kiti hakilali. Buti ni dogo. Hata yeye ametia mto ukakataa.

"Hakilali kabisa?" Kai akauliza.

"Kabisa, ndugu yangu. Nisamehe."

Kai aliliona gari lile kama alivyomwona Vivian mara ya kwanza. Alifungua buti, akagonga ule ukuta kwa kidole, ukamjibu kwa sauti nzito ya kitu kisichokwenda popote. Akasema analichukua. Mohdhar, ambaye alikuwa amejiandaa kupunguza bei kwa sababu ya ile kasoro, hakuelewa kwa nini mteja anaisifia kasoro yenyewe, lakini biashara ni biashara, akanyamaza na bei yake.

Baba Kiponda alishuka akavaa viatu. Akaja akachungulia buti, akapiga ukuta ngumi, akanyoosha mkono ndani ukaishia kiwikoni. Akamgeukia Kai, na uso wake haukuwa na hasira, ulikuwa na huzuni ya mtu aliyenyimwa maji.

"Mwanangu, hili linabeba nini?"

Hapo ndipo Kai angesema. Vivian alikuwa amesimama pale pale, mikono kifuani, anangoja aseme. Maneno yalikuwa machache, hata mtoto wa chekechea angeyamudu. Lakini kumtazama machoni mdogo wa baba yako ukamwambia hutaki kuzika tena, hiyo si kazi ndogo. Kai akakimbilia kwa Mohdhar, akamwomba aeleze habari ya betri.

Mohdhar akaeleza alichojua. Akaonyesha tundu dogo la wavu ubavuni mwa kiti cha nyuma, akasema betri huvuta hewa humo ipoe, kwa hiyo lisizibwe kwa mizigo wala kujazwa vumbi. Akaliwasha gari. Mzee akaweka kiganja kwenye tundu, akahisi hewa inavutwa polepole. Akautoa mkono haraka.

"Linapumua."

"Naam," Kai akadakia, na shetani akamsukuma hatua moja zaidi. "Na kitu chenye pumzi, Baba, hakilazwi pamoja na maiti."

Mohdhar alitaka kusema jambo. Akatazama gari, akatazama mteja, akasema Mungu ndiye ajuaye. Baba Kiponda alitikisa kichwa taratibu kwa heshima. Jioni ile ujumbe wake ukaingia kwenye kundi la simu la ukoo: gari la mtoto wetu Kai halitabeba maiti wala vumbi la Bamba, kwa kuwa ni gari la uhai. Kai alimsomea mkewe, wakacheka mpaka majirani wakagonga ukuta. Vivian hakucheka kwa muda mrefu kama yeye.

Ijumaa iliyofuata akaja shangazi Dhahabu.

Ukoo una kamati ya pili, ambayo Kai aliisahau kwa sababu haikuwa na haja na Probox. Shangazi Dhahabu ni mwenyekiti wa harusi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kwaya na mkoba usioishiwa riboni. Alilizunguka gari jeupe mara kadhaa, akakaa kiti cha nyuma, akaomba baridi iwashwe, akafumba macho kama mdogo wake Kiponda alivyofumba, ila yeye kwa furaha. Kisha akaingia jikoni, ambako Vivian alikuwa akichambua mchicha, akatoa hukumu. Weupe wa gari ni wa shela. Ndani hakuna jasho. Halingurumi, kwa hiyo bibi harusi anaisikia kwaya mpaka anashuka. Na mwenyewe Kiponda ameshasema ni gari la uhai, na uhai ni nini kama si harusi? Alikuwa ameshaliahidi kwa Dama, binti Kiponda, Jumamosi ijayo. Baada yake kuna wengine, na baada ya hao, ubatizo.

Kai alikohoa. Akaanza kusema kwamba labda, kwa huyu mmoja tu, kwa kuwa ni Dama.

Vivian akaweka kisu chini.

"Shangazi, kitu cha harusi kikiingia nyumbani, huanza kutumiwa na nani?"

"Na mwenye nyumba," shangazi akajibu, maana ndivyo ilivyo. Shela mpya haiazimwi kabla mwenyewe hajaivaa.

"Basi sisi bado."

Ilikuwa kweli. Mahari yalitolewa, mnazi ukanywewa, wazee wakabariki, lakini harusi ya kanisani ilikuwa ikingoja kamati ikae, na kamati haikuwahi kukaa. Vivian akasema kwa upole kwamba yeye yuko tayari, gari lipo, kilichobaki ni ukoo kutaja kila mtu ataleta nini. Na ili kumpunguzia shangazi kazi, akaandika ujumbe mwenyewe kwenye lile kundi la simu.

Kundi hilo hujibu taarifa ya msiba kabla hujamaliza kuisoma. Ujumbe wa Vivian ulikaa peke yake kama mgeni asiyekaribishwa kiti. Mmoja akaweka dole gumba, akalifuta. Mwingine akajitoa, akasema baadaye kwamba simu iliingia maji. Na hakuna aliyeliomba gari tena, kwa kuwa kuliomba ilikuwa ni kuulizwa unachanga nini. Dama alikwenda kanisani kwa tuktuk iliyofungwa maua, akapendeza kupita kiasi.

Kwa hiyo Jumamosi zikapatikana. Waliosha nguo, walilala, na Jumamosi moja wakavuka feri na watoto hadi Shelly Beach. Walikuwa wamekaa mchangani wanakula viazi vya karai Baba Kiponda alipopiga simu.

Mzee alikuwa na furaha. Alisema ujumbe ule wa Vivian haukumwacha alale, kwamba ni aibu kwa ukoo kuzika kwa haraka na kuozesha kwa kuchelewa, kwa hiyo amewasukuma watu mmoja mmoja na kamati imekubali kukaa. Itakutana nyumbani kwa Kai. Kila Jumamosi, asubuhi mpaka jioni, mpaka harusi.

Kai alimtazama Vivian. Mkewe alikuwa amesikia, maana mzee huongea simuni kana kwamba anamwita mtu ng'ambo ya pili. Hakumpa ishara yoyote. Alimfuta mtoto pilipili mdomoni, akangoja.

"Baba," Kai akasema, "Jumamosi haiwezekani."

"Gari limekataa?"

"La, Baba. Nimekataa mimi. Jumamosi ni ya hawa. Hata maziko, nitakuja yanayonihusu, mengine sitakuja. Mje Jumapili baada ya ibada."

Kai akaitazama simu kuona kama imekatika. Alikuwa akitoka jasho na upepo wa bahari unampuliza.

"Ungesema siku nyingi, mwanangu," Baba Kiponda akajibu mwishowe. "Hata mimi Jumamosi huwa nachoka."